Kurefusha shafti ya propela iliyoingizwa kama faili la STEP: niongeze wapi, na kwa njia gani?

MchoraBoti_Kirumba

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninachora katika karakana ndogo ya boti hapa Kirumba, Mwanza. Kazi iliyopo mezani ni boti ya chuma itakayokusanya sangara kutoka visiwa vya upande wa Ukerewe na kuwaleta mjini wakiwa kwenye barafu. Mwenye boti ameomba injini isogezwe mbele kwa milimita 300 ili sehemu ya nyuma ipate nafasi ya sanduku kubwa zaidi la barafu. Kwa sababu hiyo shafti ya propela, ambayo mtengenezaji anaiuza ikiwa na kipenyo cha milimita 40 na urefu wa milimita 1,200, sasa inatakiwa iwe na urefu wa milimita 1,500. Tutaikereza wenyewe kwa chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, huku tukifuata ncha zake kama zilivyo, kwa kuwa propela na koplingi (kiungo cha shafti na gia boksi) ni za mtengenezaji yuleyule.

Mtengenezaji ametupatia faili la STEP, yaani faili la kupeleka umbo kutoka programu moja ya kuchora kwenda nyingine. Nimeliingiza katika FreeCAD, programu yangu ya kuchora, toleo la 1.0, na likafunguka vizuri, lakini kwenye orodha ya vitu upande wa kushoto kuna umbo moja tu, lisilo na mchoro wa msingi wala kipimo chochote ninachoweza kukibofya na kukibadilisha. Upande wa propela kuna mchongoko wa 1:10 (ncha inayopungua kipenyo taratibu), mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia propela isizunguke peke yake juu ya shafti) na hesi za nati. Upande wa koplingi kuna mfereji mwingine wa kii. Katikati ni mwili mnyoofu wa duara.

Kuna aliyenishauri nitumie amri ya Scale, niweke 1.25 kwenye mhimili wa urefu na kuacha mihimili mingine ikiwa 1. Ushauri huo sikuukubali, kwa kuwa mchongoko nao ungevutwa, na ule wa 1:10 ungekuwa 1:12.5, yaani propela isingekaa. Mfereji wa kii wenye urefu wa milimita 60 ungekuwa wa milimita 75, na hata hatua ya hesi ingebadilika. Ninachohitaji ni kuongeza milimita 300 kwenye mwili mnyoofu peke yake, ncha zote mbili zibaki kama mtengenezaji alivyozichora. Naomba mwenye uzoefu anielekeze njia iliyo salama.

---

Msanifu_Capripoint

Ndugu, salaam. Umefanya vyema kuikataa Scale, na ipo sababu nyingine ya kuikataa ambayo watu wengi hawaioni mpaka wafike kwenye mchoro wa karakana. Ukivuta umbo kwa viwango visivyolingana, FreeCAD hulazimika kuzigeuza nyuso zake zote kuwa nyuso za B-spline, yaani nyuso huria zisizo na mhimili wala nusu kipenyo. Kwa macho shafti itaonekana ya duara kama kawaida, lakini programu haitaitambua tena kuwa ni mcheduara (silinda), na ukitaka kuandika kipenyo kwenye mchoro au kuiunganisha na beringi kwa kutumia mhimili wake, utakuta mhimili huo haupatikani.

Kwanza nieleze kwa nini huoni kipimo cha kubofya. STEP ni kiwango cha ISO 10303, ambacho sehemu zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1994, na kazi yake ni kupeleka umbo kutoka programu moja kwenda nyingine. Kinachosafirishwa, kwa faili karibu zote tunazozipokea kwa watengenezaji, ni mipaka ya umbo: uso huu ni bapa, ule ni mcheduara, kingo zake zinakutana hapa na pale. Historia ya jinsi mchoraji alivyolijenga hubaki kwenye kompyuta yake. Unaweza kulithibitisha hilo kwa kulifungua faili lenyewe kwa programu ya maandishi ya kawaida, kisha utafute neno CYLINDRICAL_SURFACE. Utapata mstari unaofanana na huu:

`#45=CYLINDRICAL_SURFACE('',#44,20.);`

Hiyo 20 ya mwishoni ndiyo nusu kipenyo cha shafti yako. Namba za mistari zitatofautiana na hizi, lakini nusu kipenyo utakikuta hapo. Ukiwa bado ndani ya faili, tafuta pia SI_UNIT na uhakikishe kwamba imeandikwa MILLI pamoja na METRE, ili usije ukaongeza 300 za kipimo kingine.

Kwa kuwa umbo halina historia, kurefusha kwako kutakuwa ni kulikata katikati, kusogeza nusu moja, na kuziba pengo. Nachukulia kwamba shafti imelala kwenye mhimili wa X, imeanzia sifuri upande wa koplingi na kuishia 1,200 upande wa propela, na kwamba mhimili wake unapita katikati kabisa ya Y na Z. Kama faili lako limekaa vingine, badilisha namba kulingana na hali yako.

Ingia benchi la Part (benchi ni kundi la zana ndani ya FreeCAD), utengeneze Plane kutoka kwenye maumbo ya msingi. Bapa hilo huja likiwa dogo, milimita 10 kwa 10, na huanzia kwenye kona yake badala ya katikati, kwa hiyo usipolirekebisha halitaukata mwili wote. Lipe urefu na upana wa milimita 100, lizungushe nyuzi 90 kuuzunguka mhimili wa Y, kisha liweke X = 600, Y = −50 na Z = 50. Sasa litakuwa limesimama wima katikati ya shafti na kuizidi pande zote.

Chagua shafti kwanza, kisha bapa, halafu utumie amri ya Slice apart iliyomo ndani ya menyu ya Part, kwenye kundi la Split. Utapata vipande viwili. Hapo usikimbilie kusogeza kipande cha propela mara moja, kwa sababu vipande hivyo bado vimefungamana na shafti ya awali pamoja na bapa lililovikata, na programu inapokokotoa upya yaweza kukirudisha kipande kilipotoka. Kichague kila kimoja, ukifanyie nakala huru kwa Create simple copy, na ufanye kazi na hizo nakala. Vile vya awali vifiche bila kuvifuta, ili uwe na pa kurudi.

Nakala ya upande wa propela isogeze kwenye X kwa 300, na usiguse mzunguko wake. Hili ni muhimu kwa sababu una mifereji miwili ya kii, na mtengenezaji ameipanga kwa pembe fulani kati ya mmoja na mwingine. Ukisogeza kwa mstari mnyoofu tu, pembe hiyo inabaki ilivyo.

Pengo lililobaki linaanzia 600 hadi 900. Tengeneza Cylinder yenye nusu kipenyo cha 20 na kimo cha 300, izungushe nyuzi 90 kuuzunguka Y ili ilale kwenye X, kisha iweke X = 600. Unganisha vitu vyote vitatu kwa Union, halafu upitishe Refine shape. Usipofanya hivyo, duara mbili za maungio zitabaki zikionekana kwenye 600 na 900, na fundi wa kukereza anaweza kudhani kuna ngazi mahali hapo.

Mwishoni kagua. Chagua umbo jipya, ufungue dirisha la Python na uandike:

`Gui.Selection.getSelection()[0].Shape.Volume`

Fanya hivyohivyo kwa shafti ya zamani, kisha utoe. Tofauti inatakiwa iwe eneo la duara mara urefu ulioongezwa: π × 20 × 20 × 300, ambayo ni takriban milimita za ujazo 376,991. Ukipata namba hiyo, basi ncha hazijaguswa na hakuna kipande kilichoingiliana na kingine. Ukipata namba nyingine, usiendelee mpaka ujue sababu. Binafsi naona ukaguzi huu una thamani kuliko kuuzungusha mchoro kwenye skrini na kuuangalia, kwa sababu macho hayawezi kuona mwingiliano wa sehemu ya kumi ya milimita.

---

Fundi_Nyakato

Maelezo ya Msanifu yamekamilika kwa upande wa FreeCAD. Naongeza kwa wale wanaotumia programu nyingine, kwa kuwa swali hili huulizwa mara nyingi, na katika programu hizo si lazima kukata.

Katika SolidWorks na Onshape ipo amri ya Move Face. Katika Fusion unatumia Move, kisha unachagua kwamba kinachosogezwa ni nyuso. Inventor ina amri iitwayo Direct. Solid Edge ndiyo iliyojengwa zaidi kwa kazi za namna hii, tangu ilipoleta mfumo wake wa Synchronous mwaka 2008. Wazo ni lilelile kote: unachagua nyuso zote za ncha ya propela, yaani mchongoko, kuta na sakafu ya mfereji wa kii, hesi, kingo zilizokatwa pembe na uso wa mwisho kabisa, kisha unazisogeza kwa pamoja milimita 300. Mwili mnyoofu unaozigusa hunyooka wenyewe kuzifuata.

Hatari iko kwenye uchaguzi. Ukiuacha ukuta mmoja wa mfereji wa kii, ama programu itakataa kabisa, na hiyo ndiyo heri, ama itakubali na kukuletea mfereji uliovutwa. Kwa hiyo zungushia dirisha la uchaguzi kwenye ncha nzima badala ya kubofya uso mmoja mmoja, kisha hesabu nyuso zilizochaguliwa kabla ya kuthibitisha. Mwili mnyoofu wenyewe usiwemo.

Jambo la kuzingatia kuhusu Onshape: kwenye mpango wa bure, kazi yako inaonekana na kila mtu. Faili la mtengenezaji ambalo umepewa kwa ajili ya kazi yako si la kuwekwa hadharani namna hiyo. Aidha programu hiyo hufanya kazi kwa intaneti tu, na wengi wetu tunajua bando linavyokwenda. FreeCAD inakutosha.

---

Mwanafunzi_Bukoba

Naomba kuuliza ndani ya mada hii. Mimi nina hali ya kinyume. Nimeingiza kipande cha alumini chenye mifereji pande nne, cha milimita 40 kwa 40, ambacho kimechorwa kikiwa na urefu wa mita 1, nami ninakihitaji kiwe milimita 640 kwa ajili ya fremu ya kukaushia dagaa. Je, ninafuata hatua zilezile?

---

Msanifu_Capripoint

Ndugu wa Bukoba, kwako ni rahisi zaidi. Kipande hicho kina sura ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hakuna ncha ya kuilinda. Kata mara moja kwenye 640 na uondoe kipande kinachozidi. Kama ungetaka kukirefusha, ungechukua nakala ya uso wa mwisho kwa amri ya Create shape element copy, kisha ungeuvuta kwa Extrude hadi urefu wowote unaoutaka.

Kama ni shafti yenye ncha za kulindwa na mtu anataka kuifupisha, basi anakata mara mbili, anaondoa kipande cha katikati, na kuzisogeza ncha zikutane.

Ila angalia kama kipande chako kina matundu ya bolti kwenye urefu wake. Yakiwepo, amua kwanza ni yapi yanapaswa kubaki na kwa umbali gani kutoka mwisho, ndipo ukate.

---

Mhandisi_Igoma

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, bila kupinga usahihi wa walichosema.

Shafti ni umbo la mzunguko. Ukiliangalia kwa ubavu, nusu yake ya juu ni mistari michache tu: mwili, mchongoko, hesi, mwisho. Kwa umbo la namna hii ningelitumia faili la STEP kama chanzo cha vipimo, nikachora upya shafti nzima kwenye PartDesign kwa amri ya Revolution, na mifereji ya kii nikaiongeza kwa Pocket. Urefu wa mwili mnyoofu ningeuweka kwenye jedwali la Spreadsheet lililo ndani ya FreeCAD, kwenye kisanduku kimoja chenye jina. Siku mwenye boti akisema injini irudi nyuma milimita 40, na kwa uzoefu wangu wenye boti husema hivyo, unabadilisha namba moja na mchoro wote unafuata.

Njia ya kukata na kuziba inatoa umbo sahihi, lakini umbo hilo nalo halina historia. Kila badiliko jipya litakurudisha kwenye bapa, nakala na Union. Kipimo changu mimi ni hiki: kama urefu umeshakubaliwa kwa maandishi na haubadiliki, kata na uzibe; kama bado unajadiliwa, chora upya.

Wakati wa kuchora upya, mchongoko usiupime kwa macho. Pima kipenyo kikubwa, kipenyo kidogo na urefu kati yake, kisha ukokotoe uwiano. Ukipata 1:10, huo ndio wa ISO 4566, na kila milimita 10 za urefu kipenyo hupungua kwa milimita 1. Ukipata karibu na 1:16, basi ncha hiyo inafuata SAE J755 ya Marekani. Hiyo miwili haiingiliani hata kidogo, na propela iliyotobolewa kwa mmoja haitakaa kwenye mwingine. Andika uwiano huo kwenye mchoro kama kipimo rasmi, maana mkerezaji anaugeuza kuwa pembe ya kuweka kwenye mashine yake.

Halafu, baada ya kulipima faili, linganisha umbo lako na lao kwa kuyaweka mahali pamoja na kuyatoa moja kutoka kwa jingine kwa amri ya Cut, kila upande kwa zamu. Upande wa propela usiachie hata kipande chembamba. Kikibaki kitu chenye umbo la pete nyembamba, kipenyo fulani umekikosea.

---

Mzee_wa_Karakana

Salaam kwenu vijana wangu. Mmejibu vizuri namna ya kuchora, nami nimefurahi kuona mambo haya yanajadiliwa kwa Kiswahili na kwa utulivu. Ila mwenye swali anakwenda kuikereza shafti hii na kuiweka ndani ya maji, na kuna mambo ambayo kompyuta haikumuuliza alipoongeza zile milimita 300.

Mwanangu wa Kirumba, jiulize shafti yako mpya itashikwa wapi. Nguvu ya kuzungushwa haibadiliki kwa sababu ya urefu. Kipenyo cha 40 kilichoweza kuubeba msokoto wa injini hiyo kitaendelea kuubeba, ingawa shafti itajisokota kwa robo zaidi ya awali, jambo ambalo kwa boti ya aina yako halina madhara. Kinachobadilika ni kasi ambayo shafti huanza kupinda na kucheza yenyewe. Kasi hiyo hupungua kwa mraba wa urefu usio na nguzo. Ukitoka 1,200 kwenda 1,500, inabaki asilimia 64 ya ilivyokuwa.

Tuseme, kwa hali mbaya kabisa, kwamba shafti yote inashikwa na beringi mbili tu, moja kila mwisho, na hatuhesabu uzito wa propela. Chuma cha 316 chenye kipenyo cha milimita 40 na urefu wa milimita 1,200 kinafika kwenye kasi hiyo ya hatari karibu na mizunguko 3,200 kwa dakika. Kwa milimita 1,500 inashuka hadi karibu na 2,050. Propela inayoning'inia nje ya beringi ya nyuma huishusha zaidi. Sasa angalia injini yako inazunguka ngapi baada ya gia boksi. Ikiwa injini inakwenda 2,800 na gia boksi inagawanya kwa mbili, shafti inazunguka 1,400, na hapo unayo nafasi, ingawa ningependa iwe kubwa zaidi. Ikiwa gia boksi haigawanyi, usithubutu. Weka beringi ya katikati, na mahali pake pawekwe kwenye mchoro wa boti tangu sasa, kabla mabati ya chini hayajaunganishwa.

Jambo la pili ni mashine. Kabla hujapeleka mchoro, uliza mashine ya kukereza ina umbali gani kati ya senta na senta, yaani ncha mbili zinazoushika ufito. Nyingi katika karakana zetu ni za mita 1. Shafti ya mita 1.5 haitaingia kati yake, isipokuwa tundu la kichwa cha mashine linapitisha ufito wa milimita 40 na ufito huo ushikwe vizuri upande wa nyuma usije ukapiga. Mwili wa katikati nao lazima utiwe stedi (kishikilio cha katikati cha mashine), la sivyo utapinda mbele ya kisu na utapata shafti nene katikati. Kama una namna, nunua ufito uliokwisha kusawazishwa kwa kipenyo cha 40 kamili, ili mkerezaji afanye kazi kwenye ncha peke yake. Hapo ndipo ule uamuzi wako wa kuongeza urefu katikati na kuacha ncha zilivyo unapokulipa, kwa sababu katikati hakutakuwa na kazi yoyote ya kisu.

Uzito unaongezeka kwa kilo 3 hivi. Huo si wa kukusumbua.

---

MchoraBoti_Kirumba

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru wote kwa moyo wa dhati.

Injini inazunguka 2,600 na gia boksi inagawanya kwa 2, kwa hiyo shafti itazunguka 1,300. Hata hivyo, baada ya kusoma maelezo ya mzee, nimezungumza na fundi mkuu, naye amekubali tuongeze beringi ya katikati, kwa kuwa chini ya lile sanduku la barafu kuna mbavu ya kuishikilia. Kipande kirefu kisicho na nguzo kitakuwa chini ya milimita 900.

Kuhusu kuchora, nimefuata njia ya kukata na kuziba, kwa sababu urefu wa milimita 1,500 umeshatiwa sahihi na mwenye boti. Tofauti ya ujazo imelingana na ile namba ya Msanifu, na ukaguzi wa Check geometry haukuonyesha kosa.

Limebaki jambo moja. Nilikuwa nimeshaiunganisha shafti ya zamani na beringi pamoja na koplingi kwenye benchi la Assembly. Nilipoweka shafti mpya mahali pake, maungio yote yalikatika. Je, kuna njia ya kuyaokoa, au niyaweke upya? Na kwenye mchoro wa karatasi, shafti yote kwa urefu wa mita 1.5 inakuwa nyembamba mno kiasi kwamba vipimo vya ncha havisomeki.

---

Msanifu_Capripoint

Yaweke upya. Maungio hushika majina ya nyuso, na baada ya Union na Refine shape programu imezipa nyuso namba nyingine kabisa. Toleo la 1.0 limeboreshwa sana katika kuyafuatilia majina hayo, lakini haliwezi kujua kwamba umbo moja lisilo na historia ni mrithi wa jingine. Ukiyaweka upya, shika mhimili wa mwili mnyoofu na uso wa mwisho wa upande wa koplingi, ambao ni sehemu zisizotarajiwa kubadilika hata urefu ukibadilishwa tena.

Kwa mchoro wa karatasi, TechDraw, benchi la michoro ya karatasi, katika toleo la 1.0 ina amri ya Broken View. Unatengeneza mistari miwili ya kukatia kwenye mwili mnyoofu, na sehemu iliyo kati yake inaondolewa machoni, huku kipimo cha jumla kikiendelea kusomeka 1,500. Ncha zote mbili utaweza kuzichora kwa kipimo cha 1:2 kwenye karatasi ya A3. Mfereji wa kii uongezee mchoro wa mkato, ili kina chake kionekane.

Pia badilisha namba ya kipande. Faili la mtengenezaji lilikuja na namba yake ya katalogi, nayo huenda bado imeandikwa ndani ya jina la umbo na kwenye jedwali la mchoro wako. Shafti hii si yake tena. Ukiiacha namba hiyo, siku itakapohitajika shafti ya akiba, mtu wa manunuzi ataagiza ile ya milimita 1,200 na itafika bandarini ikiwa fupi. Ipe namba ya karakana yenu, na kwenye safu ya maelezo uandike kwamba ncha zimefuata kipande fulani cha mtengenezaji na mwili umeongezwa milimita 300.

---

Mhandisi_Igoma

Naongezea hapo kwenye namba: hifadhi ndani ya folda hiyohiyo lile faili la STEP la awali bila kuligusa, pamoja na faili la FreeCAD lenye vile vipande vilivyofichwa. Na unapompelekea mkerezaji STEP ya shafti mpya, mpe pia karatasi yenye vipimo, kwa sababu kwenye STEP ya kawaida hatapata kipimo kinachosema mchongoko ni 1:10 wala kwamba kipenyo cha mahali pa beringi kinaruhusiwa kupungua kwa kiasi gani. Kiasi hicho kichukue kwenye maelekezo ya mtengenezaji wa beringi, na kwa kuwa sasa una beringi mpya ya katikati, kiandike kwenye sehemu zote zitakazoshikwa na beringi.